Nilipofuta Vumbi la Seva

Ti.

Skrubu ilianguka sakafuni, ikabingirika kidogo, ikanyamaza. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa macho, maana mimi na usingizi tuliachana zamani bila ugomvi. Nikasikia mtu anapapasa chini ya meza, halafu sauti ya mjukuu wangu ikinong'ona, "Toka, mwanakwetu, toka." Alikuwa anaongea na skrubu.

Kwa ambao gazeti liliwapita wiki za nyuma, nawapa kwa ufupi. Mjukuu wangu nimemlea tangu ana miaka sita, sasa ana ishirini na sita. Anachora katuni za kufundishia watoto hesabu, zile zinazotembea na kuongea. Kampuni moja ya masomo ya watoto ilimwambia alete filamu ya dakika nne, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Wakiipenda, atafanya kazi yao akiwa hapa hapa nyumbani. Asipoipeleka, Jumatatu anapanda basi kwenda mji wa mbali, siku nzima njiani, kupokea simu za wateja katika ofisi ambayo imeshamkubali.

Sasa, michoro ikishakwisha, kompyuta lazima iipike picha moja moja mpaka iwe filamu. Laptop yake ingemaliza baada ya wiki tatu.

Ndipo akasikia habari za prosesa za seva. Prosesa ndiyo akili ya kompyuta. Seva ni zile kompyuta kubwa za maofisini, zinazokesha kwenye vyumba vya baridi. Kampuni zikinunua mpya, za zamani huondolewa zikiwa bado na nguvu zake, na prosesa zake huuzwa bei ya kutupa kwa sababu watu wengi hawajui wazifunge wapi. Alinieleza kwa lugha yangu, mimi niliyeshona nguo miaka arobaini. Laptop yake ina mafundi wawili ndani. Prosesa moja ya seva ina mafundi kumi na wawili. Ukifunga mbili, una ishirini na wanne, wote wanashona kwa pamoja.

Nikamwambia akinunue hicho kiwanda.

Wiki ya kwanza mliona jinsi Bwana Kilo, anayeuza kompyuta chakavu kwa mizani, alivyotuuzia prosesa mbili ambazo si ndugu, tukazirudisha. Wiki ya pili bodi, ile sahani kubwa ya kijani ambayo kila kitu hukaa juu yake, iligoma kuingia kwenye kasha lolote la kompyuta. Tukaifungia ndani ya kabati langu la vyombo, lile lenye milango ya wavu, na vikombe vyangu vikahamia chini ya kitanda. Wiki iliyopita tuliiwasha, nyumba nzima ikawa giza, na mimi nikasema basi, tumeiua.

Hatukuiua. Ilikuwa fyuzi ya nyumba. Fundi umeme aliibadilisha akiwa na haraka ya kwenda kwingine, lakini alipoona naogopa kuwasha taa, alirudi kutoka getini akaniwashia yeye, vyumba vyote, kimoja kimoja.

Hapo ndipo tulipo. Jumatano alfajiri, zimebaki siku mbili na kitu.

Nilisimama mlangoni nikamuuliza, "Mke mwenza, hulali?"

"Nitalalaje, na mume wetu ametuachia nyumba yenye nyaya za enzi za ujana wake?"

Ndivyo tunavyotaniana. Babu yake, marehemu mume wangu, alikuwa akimwita mchumba wake, na huyu mtoto hajaacha kunidai nusu ya mume mpaka leo.

Alikuwa ameitoa bodi kabatini na kuilaza mezani. Prosesa zote mbili alizichomoa ili kuona kama lile giza liliziunguza. Zilikuwa nzima. Kilichobaki ni kuzipaka grisi mpya ya kupitisha joto na kuzirudisha, na grisi ilikuwa kwa Bwana Kilo, upande wa pili wa mji. Angetoka saa mbili, angerudi saa nane. Filamu ikianza kupikwa leo jioni, itakwisha Ijumaa asubuhi, na muda wa kuituma utakuwapo.

Akanionyesha sehemu mbili za mraba kwenye bodi, mahali prosesa zinapokaa. Watu wa kompyuta huziita soketi. Ya kwanza ndiyo ya lazima, akasema. Hiyo ikiharibika, ya pili nayo haiamki. Akaifunika kwa karatasi.

"Bibi, hapa usiguse. Hata kupumua, nenda ukapumulie jikoni."

Niliahidi. Naandika neno hilo na masikio yananiwaka, lakini ni kweli, niliahidi.

Sikwenda pale kwa utundu, naomba mnielewe. Nilifagia. Niliosha vyombo. Saa nne nilikuja kufuta meza, kwa sababu nafuta meza kila siku tangu niolewe, na nilikuwa nafuta upande ule mwingine kabisa. Upepo wa dirishani ukainua karatasi.

Chini yake, katikati ya ile soketi ya kwanza, kulikuwa na donge la vumbi. La kijivu, laini, limejikunja kama paka.

Nililiangalia. Nikaenda jikoni. Nikarudi, nikaliangalia tena.

Sasa hapa ndipo mtanicheka, na mna haki. Mshonaji yeyote anajua kwamba nyuzi zikijaa chini ya bamba la cherehani, mshono unaharibika. Wasichana niliowafundisha kazi, kitu cha kwanza niliwaambia ni kufuta kabla ya kushona. Nikajisemea huyu mtoto ana haraka, hakuliona, atafunga prosesa juu ya uchafu na Ijumaa tutalia. Kwa hiyo sikuwa na nia ya kuvunja ahadi. Nilikuwa namsaidia.

Nikachukua kitambaa changu cha flana, laini kuliko vyote nilivyo navyo. Nikafuta mara moja. Polepole.

Kitambaa kikanasa.

Na mimi nikafanya anachofanya mshonaji kitambaa kikinasa kwenye msumari. Nikakivuta kwa pembeni.

Nilipokiondoa, donge la vumbi lilikuwa limetoka. Lakini mle ndani mna pini za dhahabu, nyembamba kuliko nywele, zaidi ya elfu mbili, zimesimama zote zikiinama upande mmoja kama watu wanaosikiliza. Pale kwenye kona sasa kulikuwa na sehemu imelala, kama majani alipolala mbuzi.

Nikakaa chini. Hapo hapo sakafuni.

Kitu cha kwanza nilichofanya, na hili sijamwambia mtu kabla yenu, ni kurudisha karatasi. Niliifunika soketi vizuri, nikanyoosha na kona zake, nikakaa kama dakika kumi nikijaribu kuwa mtu asiyejua kitu. Niliona Jumatatu. Niliona begi lake mlangoni. Niliona kitanda chake kimetandikwa siku zote. Nikaona pia kwamba angefika jioni, afunge, isiwake, na asijue kwa nini, akajilaumu mwenyewe. Hilo ndilo lililoninyanyua.

Nikaweka bodi juu ya sinia, nikaifunika kwa kawa, nikajitanda mtandio, nikatoka.

Jirani akaniuliza nimempikia nani. Nikamwambia mgonjwa. Sikusema uongo.

Kwa Mama Chaji, anayetengeneza simu kwenye kibanda cha kona, kulikuwa na foleni ya watu wanne. Aliponiangalia usoni akawaomba wote wanipishe, na wote wakapisha bila kunung'unika. Akafunua kawa, akafumba macho, akayafumbua tena.

Aliniambia ukweli wote bila kuupaka sukari. Sinia la chuma na bodi ya kompyuta havikai pamoja. Pini zile hazitengenezwi, na wengi wanaojaribu huzivunja. Soketi yenyewe haibadilishwi na mtu wa kibandani kama yeye. Lakini wakati anasema hayo, mikono yake ilikuwa inafungua mfuko wa rangi ya fedha wa kuzuia umeme, inaitoa bodi kwenye sinia, inaivisha mfuko. Akakataa malipo.

Kisha akasema jambo ambalo nilikuwa najua atalisema. Kazi ya vitu vidogo namna ile, alimjua mtu mmoja tu hapa mtaani ambaye angeiweza, ila sasa mkono wake haumtii.

"Namjua," nikamwambia.

Namjua sana. Fundi Saa alikuwa rafiki wa mume wangu miaka thelathini, ndiyo maana mimi na yeye tunaitana shemeji. Mwaka jana alipata maradhi, mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Nilikwenda kumwona mara moja. Alikuwa anajaribu kuweka mshale kwenye saa ndogo ya kike. Alijaribu mara tano, huku anazungumza nami kana kwamba hakuna kitu. Nilirudi nyumbani nikalia. Na tangu siku hiyo, kila nikienda dukani, napita barabara ya nyuma ambayo ni ndefu zaidi. Miezi kumi na minne. Niliita huruma, lakini huruma gani hiyo ya kumkimbia mtu.

Siku hiyo nikapita barabara ya mbele.

Duka lake ni chumba chembamba kati ya kinyozi na muuza rangi. Ukutani zimetundikwa saa kumi na moja, na hakuna iliyokubaliana na mwenzake. Alikuwa amekaa nyuma ya meza, mkono wa kulia ameukalia.

"Karibu, shemeji," akasema, kama vile niliondoka jana. Akanivutia kiti chenye mto, yeye akakaa kwenye kreti. Hakuniuliza nilikuwa wapi.

Nikaitoa bodi mfukoni. Akawasha taa ya mezani, akabandika kioo chake cha jicho, akainama. Akainama muda mrefu. Hakuniuliza nani kazilaza.

"Unataka zisimame lini?"

"Leo."

Akacheka kwa puani. Halafu akautoa ule mkono na kuunyoosha juu ya meza ili niuone vizuri. Ulikuwa unatikisika kama kifuniko cha sufuria inayochemka.

"Macho ninayo," akasema. "Mkono sina."

"Mimi mkono ninao. Macho ya karibu ndiyo yameniacha."

Tukatazamana.

"Basi kumbe tuna fundi mmoja mzima," akasema Fundi Saa.

Alihesabu pini zilizolala. Kumi na tisa. Akanitafutia sindano nyembamba ya kutungia shanga, akaisugua ncha kwenye jiwe lake mpaka ikawa butu, ili isikwaruze. Mimi nikaegemeza kiwiko mezani. Yeye akainama kwa ubavuni, jicho lake sentimita chache kutoka kwenye ncha ya sindano, na kazi ikaanza.

Mwanzo tuligombana. Yeye alikuwa ananiambia niinue robo ya robo ya milimita, na mimi milimita nazijua kwa tepu tu. Nikamwomba aseme kishonaji.

"Haya. Inua unene wa uzi."

"Uzi gani?"

"Wa kawaida."

"Uzi wa kawaida ndio upi, shemeji? Wa vifungo au wa pindo?"

Akafikiri kwa makini kabisa. "Wa pindo. Ule wa hariri."

Hapo tukaelewana. Pini ya kwanza ilitusimamisha pumzi sote wawili. Sikuiona hata kidogo, nilikuwa naihisi kwa vidole tu, kama unavyohisi fundo dogo ndani ya mshono. Akasema kushoto, kushoto tena, hapo, inua, usiendelee, ishushe sindano, toka. Kisha akasema imesimama.

Mtu mmoja akaja na saa ya ukutani chini ya kwapa. Fundi Saa hakuinua kichwa. Akamwambia arudi jioni, tuko kwenye upasuaji. Yule mtu akauliza mgonjwa anaendeleaje. Alipoambiwa pini ya sita, akasema poleni, akafunga mlango kwa nje taratibu ili vumbi la barabarani lisiingie.

Tulikuwa kwenye pini ya kumi na tano, sindano iko chini yake, mlango ulipofunguka tena. Nikasikia mtu anahema.

"Bibi."

Bwana Kilo alikuwa na grisi tayari, hakumsubirisha, kwa hiyo saa saba mjukuu wangu alikuwa ameshafika nyumbani. Akakuta meza tupu, kompyuta hakuna, bibi hakuna. Akadhani tumeibiwa. Jirani ndiye aliyemwambia nimepita na chakula cha mgonjwa, na Mama Chaji akamwelekeza njia iliyobaki.

Nilitaka kugeuka. Fundi Saa akasema kwa sauti ya chini, "Usijitingishe, umeibeba."

Kwa hiyo niliungama nikiwa nimempa mgongo mjukuu wangu, kichwa nimekiinamisha, vidole vimeganda kwenye sindano.

"Mke mwenza, ni mimi. Kulikuwa na vumbi. Nilifuta."

Saa zote kumi na moja za ukutani zikawa zinagonga kila moja kwa wakati wake.

"Kwa nini?"

"Kwa flana."

"Sikuuliza kwa kitu gani, Bibi."

"Nilidhani nakusaidia. Halafu nikarudisha karatasi, nikataka nikufiche. Nilikaa dakika kumi nzima nikikuficha."

Alikaa chini, mgongo kwenye mlango. Nilisikia mtandio wake ukisuguana na mbao. Nilisubiri alie, au aondoke. Badala yake akaanza kusema polepole, kama mtu anayejisomea. Soketi huwa ina kifuniko chake cha plastiki, na alikivunja yeye mwenyewe usiku ule nyumba ilipokuwa giza, alikikanyaga. Angeweza kukata kipande cha kadibodi, akakifunga kwa gundi ya karatasi. Alikuwa na haraka, akaweka karatasi.

"Miaka ishirini naishi na wewe," akasema. "Umewahi kupita mbele ya vumbi ukaliacha? Nilipaswa kufunga na kamba."

Fundi Saa akasema, bila kutoa jicho kwenye kazi, "Mgombane baadaye. Inua unene wa uzi."

Nikainua. Machozi yalikuwa yananitoka lakini mkono haukuteleza. Mjukuu wangu akaja akasimama nyuma yangu, akanifuta uso kwa pembe ya mtandio wake mwenyewe, maana mimi sikuwa na mkono wa kujifutia.

Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na nane.

Ya kumi na tisa ilikuwa imejikunja vibaya, imelala imejipinda juu ya mwenzake. Fundi Saa aliipima kwa jicho kutoka pande zote kabla ya kuanza. Akanielekeza niingie kwa mbele, nitoke, niingie kwa nyuma. Nikaihisi inakuja. Inakuja vizuri kabisa. Halafu sikuihisi tena.

Akavua kioo cha jicho.

"Imekatika," akasema. "Si kosa la mkono wako. Ilikuwa imeshachoka shingoni."

Najua alisema vile ili nipate kulala. Labda pia ni kweli.

Mjukuu wangu alikuwa ameshatoa simu. Akatafuta ramani ya soketi, maana kumbe kuna watu wamekaa wakachora kila pini na kazi yake, akahesabu kwa kidole safu hii na safu ile, mara mbili. Ile iliyokatika haikuwa ya umeme. Ilikuwa njia mojawapo ya memori, pale prosesa inapoweka vitu vyake wakati wa kazi. Huenda ikawaka na kukosa njia moja tu. Huenda isiwake kabisa.

Akaivisha bodi mfuko wake. Nikainuka nimfuate, magoti yakakataa, nilikuwa nimekaa nimeinama tangu saa tano. Fundi Saa akamwambia aende, bibi yake atabaki apumzike. Mjukuu akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Shemeji yako huyu ananiharibia kompyuta, na wewe unamkalisha kwenye kiti chenye mto," akamwambia.

"Ndicho kiti pekee kisichoyumba," akajibu.

Akacheka, huyo mtoto. Akaondoka mbio amekumbatia ule mfuko wa rangi ya fedha, na siku zote nitakumbuka kwamba alicheka kabla hajajua.

Tukabaki wawili. Akachemsha maji kwenye birika la umeme, akanipa kikombe kimoja alichokuwa nacho, yeye akanywea kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Alikishika kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia kuhusu barabara ya nyuma. Nilimwambia yote, hata kulia.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema alikuwa akiniona. Kutoka pale alipokaa, kupitia dirisha la kinyozi, huonekana kipande cha barabara ile. Alikuwa akijisemea leo shemeji amebeba mchicha, leo amebeba mkate, kumbe yu mzima. Nikakosa pa kuweka uso. Lakini hakuwa ananisuta. Alikuwa ananipa habari.

Baadaye yule mwenye saa ya ukutani akarudi, akauliza kama mgonjwa amepona. Tukamwambia tunasubiri. Akasema basi saa yake haina haraka, akaiacha mezani, akaenda zake. Fundi Saa akaifungua kwa mkono mmoja, akachungulia, akanitazama. Akanisogezea bisibisi ndogo. Nikafungua skrubu mbili alizonionyesha. Kilikuwa kispringi kimetoka mahali pake. Tulikirudisha kabla chai haijapoa, na saa ikaanza kutembea.

Sasa zikawa kumi na mbili zisizokubaliana.

Saa kumi na nusu, kwa mujibu wa simu yangu, simu hiyo hiyo ikaita. Nikaiweka juu ya meza ili sote tusikie.

"Bibi, imewaka."

Fundi Saa akafumba macho, mkono wake wa kulia ukatulia kidogo juu ya meza, au labda ni mimi niliyetaka kuuona umetulia.

"Prosesa zote mbili zinaonekana," akaendelea. "Mafundi wote ishirini na wanne wako kazini. Kabati linavuma kama nyuki. Ile njia moja ya memori imekufa, haionekani."

Nikamuuliza kama hilo lina tatizo.

Akaanza kunitajia saa, na nikajua linalo.

Alikuwa ameipa picha za kwanza ikapika, akapiga hesabu kwa muda iliotumia. Kwa mwendo ule filamu ingekwisha Ijumaa saa saba na robo. Saa moja na robo baada ya mlango kufungwa. Alishawapigia wale wa kampuni, akaambiwa kwa adabu kabisa kwamba saa sita ni saa sita.

Kulikuwa na njia. Angeweza kuizima, achomoe vipande vya memori, avihamishie kwenye nafasi nyingine kulingana na ile ramani, halafu aiwashe upya. Ikikubali, itakimbia zaidi na kumaliza saa tano asubuhi. Lakini pini kumi na nane zile zimesimama kwa sindano ya shanga na rehema. Zikipoa zikapata moto tena, huenda moja ikalala. Ikilala, haiwaki tena, na hata ile ya saa saba na robo tumeikosa.

"Siwezi kuamua peke yangu," akasema. Sauti yake ilikuwa ile ya miaka sita. "Wewe ndiye umezisimamisha, wewe ndiye unajua zimesimama vipi. Niizime, Bibi, au niiache iende?"

Nilitazama vidole vyangu. Vilikuwa na alama ya sindano.

"Usiguse kitu," nikamwambia. "Nakuja."

Nilijitanda mtandio, nikachukua sinia na kawa. Fundi Saa aliinuka naye, akanifungulia mlango, akasimama hapo ameushika kwa mkono wa kushoto ili usinipige. Nikamwambia nashukuru. Akatikisa kichwa kana kwamba si hilo alilokuwa analingoja.

Nilikuwa nimeshashuka ngazi ya mlangoni aliponiita.

"Shemeji."

Nikageuka.

"Iwake au izimike, Jumamosi uje tena. Na usingoje mpaka uharibu kitu."